Sweta la Nyapara

9 Januari

Mjomba,

Naomba salamu zisubiri kidogo, maana nikianza nazo nitazirefusha mpaka karatasi iishe na neno lenyewe libaki tumboni, kama kila mara. Jambo hili sijamwambia mtu, si Mama, si mwenzangu wa dawati. Barua zako huwa simsomei Bibi kama ulivyoziandika.

Basi, limetoka. Sasa shikamoo. Mama anakusalimu. Amerudishwa zamu ndefu kule kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na mikono yake inanuka dawa ya madoa hata akikata kitunguu. Bibi hajambo, ila macho ndiyo yale. Daktari amesema la kulia limekwisha, la kushoto linaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akipita. Mimi nimepanda darasa. Shuleni tunafundishwa kwa lugha mbili, na mwalimu ameandika kwenye ripoti kwamba nanyamaza vizuri kwa zote.

Ilianza hivi. Barua yako ya kwanza, mwaka juzi, ilikuwa na mistari sita. Ghala la baridi, makasha, kitanda mnachopokezana kwa zamu, nyapara anafoka, baridi tena, msalimie Mama. Nilipomaliza, Bibi akauliza, "Ndiyo hayo tu?" Nikamwambia, "Bado, kuna nyuma ya karatasi." Nyuma hapakuwa na kitu. Nikaigeuza kwa kishindo ili asikie, na nikasoma.

Nilisoma filamu, Mjomba. Nilichukua ile ya wodi, wagonjwa kumi na wawili wanaojifanya wamelala ili muuguzi wao apate mahali pa kulia. Nikawafanya kuwa wenzako wa chumbani. Nikasema ulikuwa unalilia nyumbani nao wakajifanya wamelala, na asubuhi kila mmoja akaacha kipande chake cha mkate kando ya buti zako. Bibi alikula vizuri siku ile. Barua iliyofuata nikamgusa nyapara. Nilisema alivua glovu zake akakuvisha, akabaki anapuliza vidole. Tangu hapo kila barua yako ina nyuma.

Sasa sikiliza kilichonifanya niandike. Najua ulivyoondoka. Banda la video lilipofungwa, wewe uliyekuwa ukizitafsiri filamu kwa kipaza sauti mbele ya mabenchi yaliyojaa, ulilala kitandani miezi minane ukiangalia ukuta, mpaka Bibi akasema nenda ukatafute kazi, na usirudi mpaka nikuite mwenyewe. Najua hujalisahau kwa sababu huligusi katika barua hata moja.

Mwezi uliopita Bibi aliniita kwa utani wake wa siku zote, "Mke mwenza, chukua kalamu. Nataka kumwita mwanangu." Nilikuwa nimeshafungua kifuniko. Akasema, "Kwanza nisomee zake zote, nisije nikamwita kwa choyo changu tu." Nikasoma zote, na nyuma zake. Nilipofika kwenye glovu akatikisa kichwa. "Weka kalamu. Mwanangu yuko kwa watu. Arudi huku kufanya nini, kunishika mkono kwenda msalani?"

Kwa hiyo anayekushikilia huko ni mimi. Niambie neno moja, unataka kurudi au hutaki. Ukisema unataka, nitamwambia Bibi ukweli, ingawa sijui mtu huanzia wapi. Dereva wa lori anapita kesho.

Mpwa wako,
Kipaza


20 Februari

Kipaza,

Marahaba, mjomba wangu. Barua yako imechelewa, lori lilivunja gia likalala barabarani wiki tatu pamoja na salamu zenu. Mwambie dada yangu avae glovu za mpira kwenye dawa zile. Akisema zinabana, mwambie kaka yake anavaa glovu saa kumi na mbili kwa siku na vidole bado anavyo, vyote kumi, nimevihesabu kabla ya kushika kalamu.

Huku tunaendelea. Ghala lina vyumba saba, kila kimoja baridi yake. Cha nne ndicho kibaya, humo hata kikohozi kinatoka kikiwa kimeganda. Tunaingia dakika arobaini, tunatoka kumi, tunarudi. Chumbani tuko sita kwa vitanda vitatu. Anayeamka ananiachia joto lake kwenye godoro, na hilo ndilo jema ninaloweza kukuapia kuhusu wenzangu. Mkate kila mtu anakula wake.

Nilisoma barua yako kwenye foleni ya bafu nikacheka, wakadhani chumba cha nne kimenipanda kichwani. Nyuma ya karatasi. Sasa nikupe langu, tulingane. Unaikumbuka ile ya ngazi? Mzee kipofu anateremka jengo refu, na majirani wa kila ghorofa wamefungua redio zao stesheni moja, milango wazi, ili afuate sauti mpaka chini. Haipo. Kwenye filamu yenyewe mzee anateremka peke yake dakika nzima, na hakuna anayefungua mlango. Mahali fulani inasikika redio, basi. Lakini pale kwenye mabenchi kulikuwa na watu waliobeba mizigo tangu alfajiri, nikaona siwezi kuwateremsha ngazi zile kavukavu. Nikazifungua redio. Mama yako alilia. Bibi yako alikuwa mlangoni akikata tiketi, mgongo kwa pazia la filamu kama siku zote, akasema, "Hiyo sasa ndiyo filamu." Ugonjwa huu umeurithi, sikulaumu. Ila tofauti ni hii: wale wa kwenye mabenchi walijua ikiisha wanakwenda nyumbani kwao.

Kuna jambo usilisome, si mbele wala nyuma. Mwezi wa kumi na moja mzigo uliteleza kutoka juu ukaniangukia mguu wa kushoto. Umepona, lakini umepona vibaya. Nauburuta. Wewe unajua Bibi yako anavyotambua watu kwa hatua. Mimi alikuwa ananijua nikiwa bado ghorofa ya kwanza, chai inamiminwa kabla sijagonga. Huu mguu usimwambie. Niahidi.

Simu pia usinipigie. Sauti yangu ataisoma kabla sijamaliza salamu.

Umeniuliza swali. Hapa taa inazimwa saa tatu, na sasa ni saa tatu kasoro dakika chache. Mama yangu akiwa na amani mwache nayo.

Mjomba wako


14 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama amekataa glovu, anasema zinamfanya ahisi anafua kwa mikono ya mtu mwingine. Paka wa jirani amezaa ndani ya kapu la sufu la Bibi, watoto watatu, na Bibi amekataa wahamishwe. Nimeahidi kuhusu mguu. Nimeahidi, lakini tangu siku ile kila mtu akipanda ngazi zetu nasikiliza miguu yake, na sikuwa na tabia hiyo.

Hukujibu swali. Nimeona ulivyolizunguka.

Jumamosi mchana niliweka ile ya ngazi. Unajua tunavyofanya siku hizi: mimi naangalia, Bibi anasikiliza, nami namsimulia kwa sauti ya chini, maana ya juu sina. Nilitaka kuhakikisha. Ulisema kweli. Milango yote imefungwa. Mzee anashika ukuta, anateremka, anapumzika, anateremka. Nikanyamaza. Bibi akangoja, halafu akasema, "Mbona umemwacha mzee wa watu gizani? Fungua redio." Nikazifungua, Mjomba, ghorofa moja baada ya nyingine, mpaka akafika chini. Sikuweza kufanya vinginevyo. Alikuwa ameinamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza wimbo wa harusi yake.

Sasa jambo lililonizidi kimo. Bibi amelifumua sweta lake la zambarau, lile zito, akaanza kufuma jingine. Nikadhani ni lako.

"La nyapara," akasema.

"Nyapara yupi?"

"Wanao wangapi huko? Huyo aliyemvulia mwanangu glovu. Kifua chake kikoje?"

"Sijui, Bibi."

"Mwanangu hakuandika?"

Nikainamia kapu. Watoto wa paka walikuwa wanalia. Nikasema, "Kipana."

"Nilijua. Na mkono?"

"Mrefu."

"Mtu wa namna hiyo kalelewa," akasema. "Anayemvisha mtoto wa mwenzake na yeye akabaki anapuliza vidole, huyo ana mama mahali."

Amelimaliza kwa siku kumi na tisa, kwa vidole tu, akihesabu mishono kwa mdomo. Mkono mmoja umezidi mwingine kama upana wa vidole vinne. Sikumwambia. Naona nazidi kuwa mtu wa kutosema. Sweta limo ndani ya kifurushi hiki, na ujumbe wake ameniamuru niuandike neno kwa neno: "Mwambie, mama yangu anasema, aliyemfunika mwanangu na yeye asipate baridi."

Mjomba, nilikuwa nacheza na maneno tu, sasa yamepata mikono, mmoja mrefu. Nijibu. Ndiyo au hapana, hata ukiandika kwenye kipande cha kasha.

Kipaza


2 Mei

Kipaza,

Hatujambo, nasi twawaombea hivyo hivyo. Kifurushi kimefika.

Nyapara wa kweli ni mwembamba kama mpini wa ufagio. Juzi mzee mmoja wa zamu yetu alipandwa na homa, nyapara akamrudisha chumba cha nne, akasema makasha hayajui homa. Huyo ndiye nimpe sufu iliyotoka mwilini mwa mama yangu? Nimeliweka chini ya godoro. Ikiwa zamu yangu ya kitanda nalala juu yake. Linanuka kabati letu.

Ujumbe sijaufikisha. Usimwambie Bibi yako kwamba sijaufikisha.

Hapo chini kuna mstari nimeukata. Niliandika kwa uchovu, karatasi nyingine sikuwa nayo. Usiuweke kwenye mwanga.

Mjomba wako


3 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima. Watoto wa paka wamefungua macho. Bibi hajambo lakini hali si ile.

Niliuweka kwenye mwanga. Niliibandika barua kwenye kioo cha dirisha mchana, upande usio na ufa, na kalamu yako inakandamiza sana, Mjomba, hata uliyoyakata yamechimba karatasi. "Nimechoka. Mwambie aniite."

Nilikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu nilirudi shuleni nikamkuta Bibi anachambua maharage kwa vidole, sinia mapajani, mabovu anayatupa kwenye kopo bila kukosea. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, kwa lugha zote mbili. Yote yakapotea. Nikasema, "Bibi, nyuma ya karatasi hakuna kitu."

"Karatasi gani?"

"Zote."

Vidole vikaendelea kidogo. Halafu vikasimama.

"Wale wa mkate?"

"Filamu."

"Wa glovu?"

"Filamu, Bibi."

"Sweta langu liko kwa nani?"

"Chini ya godoro la Mjomba."

"Na mwanangu yuko wapi?"

Nikasema, "Yuko kwenye baridi. Ndivyo anavyoandika. Huwa ni mistari sita."

Nilidhani atapiga kelele. Ningependa apige. Aliniambia polepole, kama mtu anayenielekeza dukani, "Mwanangu ameniita miaka miwili, na wewe ulikuwa unamwekea muziki juu."

Kisha akaomba asomewe zote upya. Nikasoma. Ilichukua muda mfupi sana, hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Barua kumi na moja, na maharage yalikuwa bado nusu ya sinia. Mahali ulipoandika habari za mguu nilipapita. Nilikuahidi. Sijui tena kama hiyo ni ahadi au ni filamu nyingine.

Siku nne hakunisemesha zaidi ya lazima. Hakuniita mke mwenza. Aliniita "msichana". Msichana, maji. Msichana, dirisha. Mama alinivuta jikoni akaniuliza, "Umemfanya nini mama yangu?" Nikamwambia. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akacheka kidogo, kisha akalia, kisha akasema amechelewa kazini.

Siku ya tano, Bibi akaita. "Msichana, chukua kalamu. Naandika neno moja, ili usipate pa kupachika jingine."

Nikaandika. Hakuniamini. Akamngoja Mama mpaka aliporudi, akampa karatasi, akasema, "Nisomee kilichoandikwa." Mama akasoma. "Nyuma kuna nini?" Mama akageuza. "Hakuna kitu, Mama." Ndipo akaikunja mwenyewe. Imo humu ndani. Nimeiandika kwa herufi kubwa, kwa aibu.

Kipaza

*(karatasi ndogo, imekunjwa mara nne)*

RUDI.
Mama yako


21 Julai

Kipaza mjomba wangu,

Nawasalimu wote, na Mama mpe shikamoo zangu, na dada yangu, na paka. Ile karatasi ndogo ilinifika tarehe 27 mwezi wa sita. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kuandika "nitakuja" kabla sijajua. Maneno ya namna hiyo umeshatuonyesha yanavyokwenda.

Sasa naomba barua hii umsomee Mama kama ilivyo, mbele na nyuma. Nyuma nimeandika na mimi, nikabana herufi mpaka pembeni, usipate hata pa kuweka kidole.

Kuacha kazi hapa kunataka sahihi ya nyapara. Asipotia sahihi, kibali changu kinakaa kwenye droo yake na mimi nakaa nacho. Wenzangu wawili wanangoja sahihi hiyo tangu mwaka jana. Nilikwenda ofisini kwake, chumba kidogo chenye hita na kalenda ya miaka mitatu iliyopita. Siwezi kusema nilikwenda na moyo safi. Nilikuwa mikono mitupu, mikono mitupu ikanitia haya, basi nikalichukua sweta. Nikampa ujumbe neno kwa neno. "Mama yangu anasema, aliyemfunika mwanangu na yeye asipate baridi."

Akaniangalia. "Nani kakufunika?"

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

"Hukunifunika. Mpwa wangu ndiye aliyesema."

"Ananijua wapi?"

"Hakujui."

"Na huyo mama?"

"Haoni. Amefuma kwa kupapasa."

Akalivuta sweta upande wake wa meza. Halafu akaniambia rudi kazini, dakika zako zimekwisha. Nikarudi chumba cha nne nikijisema nimetupa sufu ya mama yangu kwenye hita.

Kesho yake alikuja analo, ndani ya koti. Lilimpwaya, Kipaza, wewe na kifua chako kipana. Shingo ya zambarau ilichungulia juu ya kola na watu wote wakaangalia chini wasicheke. Alifoka kama kawaida. Hakuvua glovu zake hata siku moja, usije ukamvua. Yule mzee wa homa hakuombwa radhi. Lakini siku ile ile aliniondoa chumba cha nne akaniweka kwenye kibanda cha getini, nihesabu malori nikiwa nimekaa. Hakusema kwa nini. Wiki ya pili akatoa kibali kwenye droo, akatia sahihi, akanisukumia mezani bila kuinua macho, na neno lake la kuagana lilikuwa hili: "Mwambie mama yako mkono mmoja ni mrefu."

Ni hayo tu. Nimeyapima kabla ya kuandika, hayana chumvi wala sukari. Wale wenzangu wawili hawakupata sahihi. Nilitaka nikuandikie kwamba na wao wamepata.

Mama, nakuja mwezi wa nane. Siku siijui, dereva mwenyewe haijui, anayeijua ni gia ya lori. Usipike kwa kungoja. Nimechoka tu, sina ugonjwa.

Mwanao
na mjomba wako


19 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Mama yuko kazini. Bibi yuko dirishani na redio yake. Mimi nimekaa kitandani kwako, ambacho sasa kina shuka, tutafika huko. Barua hii nitampa dereva akipita, ikukute kama bado hujapanda lori. Ikikupisha njiani basi.

Barua yako niliisoma siku ile ile, neno kwa neno, mkono wa kushoto nimeukalia usije ukacheza. Nilipofika kwenye sweta Bibi akaniinulia kiganja.

"Nyapara kalivaa sweta langu."

"Ndiyo, Bibi."

"Akamwondoa mwanangu kwenye baridi. Akampa kiti."

"Ndiyo."

"Halafu akatia sahihi."

"Ndivyo alivyoandika."

"Msichana," akasema, "umeanza tena."

Nikamwambia Mjomba mwenyewe ameandika kwamba nyapara hakuvua glovu, kwamba wenzake wawili wamekosa, mimi ningetunga ningewapa na wao. Akasema mtunzi mzuri huacha mfupa ndani ya nyama ili ufikiri ni nyama ya kweli, na kwamba amekata tiketi mlangoni kwako miaka kumi na nne, anajua. Nikamwambia habari za mkono mrefu. Akapapasa mkono wake mwenyewe kutoka begani mpaka kwenye kifundo, mara mbili. "Sijawahi kufuma mkono mrefu," akasema.

Mama akaja, akapewa barua, akasoma yote mbele na nyuma. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Na wewe kakuambukiza," akageukia dirisha.

Mjomba, hii ndiyo barua yako ya kwanza iliyokuja na kitu kizuri ndani yake, kidogo tu, kama kipande cha sabuni, na imenikuta mdomo wangu umeshaharibika. Nikisema mvua inanyesha, Bibi anatoa mkono nje. Nilitandika kitanda chako, akaniuliza ni cha nani. Nikasema cha Mjomba. Akasema mwanangu atalala hapo akifika, si akisomwa. Lakini chakula chake anaacha nusu, na redio anaiweka chini siku hizi, chini sana, kama anangoja kitu nyuma yake.

Wiki iliyopita nilitaka kumwekea ile ya ngazi, nimfurahishe. Akakataa. Akasema, "Niambie kwanza. Redio zile zilikuwepo?" Nikasema hapana, Bibi. Milango ilifungwa yote. Akafikiri. "Alifika chini lakini?" Nikasema alifika. "Peke yake?" Peke yake. "Basi ni filamu nzuri zaidi," akasema, "lakini inachosha."

Nimewaza sana utakavyoingia. Mimi na wewe tunajua wanavyofanya kwenye filamu, watu wanakimbiliana na muziki unapanda. Wewe huwezi kukimbia, Bibi haoni pa kukimbilia, na muziki nimeapa sitaki kuuweka tena. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Ukifika ghorofa ya kwanza, simama, uite. Ita kwa ile sauti ya kwenye banda, mabenchi ya nyuma yasikie. Sauti itangulie mguu. Pale kwenye mguu nilipapita kwa sababu uliniahidisha, na sasa hivi ndicho kitu pekee katika nyumba hii ambacho Bibi bado hakijui, na nina

Nisubiri. Kuna mtu ngazini.

Si Mama, Mama hupanda mbili mbili. Si jirani. Hatua moja nzito, halafu kama gunia linalovutwa, halafu kimya. Anapumzika. Hajaita. Hakuna anayeita.

Bibi amezima redio. Ameinamisha kichwa upande.

"Huyo simjui," anasema. "Anaburuta mguu."

Ghorofa ya pili. Ana begi pia, linagonga ukuta. Milango ya watu yote imefungwa, mchana huu wote wako kazini. Bibi ameshika ukingo wa dirisha, anataka kusimama, anasema mgeni gani huyu asiyeita, halafu ananigeukia upande nilipo na kuniita kama alivyokuwa akiniita zamani.

"Mke mwenza. Nani huyo?"

Hatua zimefika mlangoni kwetu. Karatasi hii naisukuma chini ya kapu la sufu, chini ya paka.